Ridhaa Iliyokosekana Kano

Mwanzoni mwa mwaka 1996, katika majira ya kiangazi ambayo aghalabu huleta maradhi ya uti wa mgongo katika nchi za ukanda wa Saheli, maradhi hayo yalizuka kaskazini ya Nigeria kwa ukali mkubwa mno, yakaua watu zaidi ya 11,000 katika nchi nzima. Na Hospitali ya Maradhi ya Kuambukiza ya mjini Kano ikafurika watoto wenye homa kali na shingo zilizokakamaa, walioletwa na wazazi wasiokuwa na tamaa nyingine duniani ila kumpata tabibu.

Matabibu walikuwapo. Shirika la Médecins Sans Frontières lilikuwa likitibu hapo hapo, bila ya malipo, kwa kloramfenikoli, dawa ya zamani iliyokwisha kuaminiwa. Ndipo walipowasili watafiti wa kampuni ya Pfizer ya Marekani na dawa yao mpya, Trovan, ambayo wakati ule ilikuwa haijaruhusiwa kuuzwa hata huko kwao. Wakachukua watoto wapatao 200: nusu wakapewa Trovan, na nusu seftriaksoni, dawa iliyojulikana, ambayo jamaa za watoto walikuja kudai kwamba ilitolewa kwa kipimo pungufu ili ile mpya ionekane bora. Walifariki 11, watano upande wa Trovan na 6 upande wa pili. Wengine wakabaki viziwi, vipofu au wamepooza.

Kampuni ilishikilia kwamba maradhi ndiyo yaliyoua, na kwamba wauguzi waliwaeleza wazazi kwa Kihausa nao wakaridhia kwa mdomo. Wazazi walikana: hawakuambiwa, walisema, kwamba ni majaribio, wala kwamba katika ua ule ule palikuwa na tiba iliyothibitika. Nami naona kuwa, hata tukiyakubali maneno ya kampuni yote, idhini ya mama aliyepakata mtoto anayekata roho, asiyejua kwamba anayo hiari ya kukataa, haistahili kuitwa ridhaa. Na kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilikwisha kulisema jambo hilo waziwazi kabla ya wengi wa wazazi wale kuzaliwa.

Gazeti la Washington Post lilipoifichua kadhia hiyo mwaka 2000, serikali ya Nigeria iliunda jopo la wataalamu, nalo likaamua kwamba majaribio yalikuwa haramu. Lakini ripoti yake ilifichwa hata ikavuja mwaka 2006. Baina ya miaka hiyo, mwaka 2003, Kano iligoma kupokea chanjo ya polio, na kumbukumbu ya Trovan ilikuwa miongoni mwa sababu za hofu ile, nao ugonjwa ukatapakaa hadi nchi za mbali.

Mwaka 2009 mahakama ya rufani mjini New York iliamua kwamba katazo la kumfanyia mtu majaribio ya tiba bila ya ridhaa yake ni sheria ya mataifa yote, na mwaka huo huo Pfizer, bila ya kukiri kosa, ikapatana na jimbo la Kano kwa dola milioni 75. Malipo ya kwanza, dola 175,000 kwa kila familia, yalitolewa mwaka 2011 kwa familia 4 zilizofiwa na watoto wao miaka 15 kabla.