Kutoka Kisa hadi Kipimo: Mazimwi wa Michezo ya Mezani

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, kila moja vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Wachezaji huizunguka meza. Mmoja wao, yaani mwendesha mchezo, husimulia mahali walipo na hatari iliyopo, na wenzake husema wahusika wao wanafanya nini. Penye shaka, dadu huamua. Kijitabu cha pili kilihusu mazimwi na hazina, na hapo ndipo ilipoanzia kazi iliyoendelea hadi leo: kumchukua mnyama wa porini au kiumbe wa ngano na kumfanya adui wa kupigwa kwa dadu.

Chimbuko la mchezo huo ni michezo ya vita, ambamo watu wazima walipanga askari wadogo mezani na kuvipigana upya vita vya zamani. Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya Ulaya ya Zama za Kati, wakaongeza mwishoni sehemu ya majoka, majitu na wachawi. Katika michezo ya vita kila kikosi huwa na mwendo, nguvu na kinga iliyoandikwa. Joka alipoingia uwanjani, naye alipaswa kuandikiwa hesabu yake, na tangu siku hiyo hakuna zimwi aliyeingia mchezoni bila hesabu.

Sanamu ndogo za viumbe wa ajabu zilikuwa adimu wakati huo. Gygax alinunua midoli ya plastiki ya bei rahisi iliyotengenezwa Hong Kong, yenye maumbo yasiyofanana na mnyama yeyote ajulikanaye. Kutokana na midoli hiyo walizuka dubu mwenye kichwa cha bundi na mdudu anayegeuza chuma kuwa kutu, wote wawili katika nyongeza iitwayo Greyhawk ya mwaka 1975; mwaka uliofuata akaja bulette, mnyama wa magamba anayeogelea chini ya ardhi kama papa. Viumbe hao hawana babu wala bibi katika ngano ya taifa lolote.

Wengi wa wenzao, hata hivyo, wana ukoo mrefu. Vitabu vya wanyama wa ajabu vilikuwapo zamani: Plinio wa Roma aliandika juu yao katika karne ya 1, na al-Qazwini, mwanachuoni wa Kiajemi, akakusanya maajabu ya viumbe katika karne ya 13. Katika mapokeo ya kitabu cha al-Qazwini anatajwa mnyama wa kisiwani, mfano wa sungura, mwenye pembe moja nyeusi, aliyepewa mfalme Iskandar kama zawadi baada ya mfalme huyo kumshinda joka. Mnyama huyo huitwa al-Mi'raj, jina ambalo kwa Waislamu ni la safari ya Mtume mbinguni. Mwaka 1981 sungura huyo aliingia katika Fiend Folio, mkusanyo wa mazimwi uliohaririwa Uingereza na Don Turnbull, akiwa adui mdogo wa wachezaji wanaoanza.

Ukoo wa zimwi aitwaye katoblepa unafika Afrika. Plinio alimweka katika nchi aliyoiita Ethiopia, akasema kichwa chake ni kizito hata huning'inia chini daima, na kwamba amtazamaye machoni hufa. Wataalamu wengi hudhani habari hiyo ilianza kwa msafiri aliyemwona nyumbu. Mwaka 1607 Mwingereza Edward Topsell alimchanganya mnyama huyo na gorgoni wa Wayunani, akamchora kama fahali wa magamba mwenye pumzi ya kuua. Katika mchezo wa Gygax wako wote wawili, kila mmoja na ukurasa wake: katoblepa wa mabwawani anayeua kwa jicho, na gorgoni, fahali wa chuma ambaye pumzi yake hugeuza watu mawe. Nyumbu mmoja amezaa mazimwi wawili.

Kitabu kilichoweka mtindo wa kazi hii ni Monster Manual, kilichotoka mwaka 1977 kikiwa na mazimwi zaidi ya 350. Kila kiumbe alipewa orodha ileile: wangapi hukutwa pamoja, mwendo wao, daraja la kinga, dadu za uhai, mashambulizi, akili, mwelekeo wa wema au uovu, na hazina waliyoificha. Mtindo huo haukuwaacha wanyama wa kawaida. Simba, kiboko, kifaru, nyati, nyani na fisi wamo, kila mmoja na hesabu zake, na baadhi yao wamekuzwa mara kadhaa ili wawatishe wachezaji hodari.

Orodha kama hiyo ina gharama yake. Kiumbe wa ngano kwa kawaida ni mmoja, ana jina, anakaa mahali fulani, na ana kisa. Medusa wa Wayunani alikuwa mwanamke mmoja. Mchezoni amekuwa kabila zima. Miongoni mwa wachache waliobaki mmoja mmoja ni tarrasque, aliyeingia mwaka 1983 katika Monster Manual II. Katika hekaya ya mji wa Tarascon, kusini mwa Ufaransa, Mtakatifu Martha alimtuliza dubwana huyo kwa sala na maji ya baraka, kisha watu wa mji wakamuua. Mchezo ulichukua jina na ukali wake, ukaacha mtakatifu na mji.

Mwambao wa Afrika Mashariki unaitambua gharama hiyo kwa urahisi katika habari za majini. Huku jini hutambulikana kwa makazi na mahusiano yake: wa bahari au wa bara, Mwislamu au kafiri, yule wa mbuyu huu, yule aliyeagana na ukoo ule na anayedai ubani na kafara kwa wakati wake. Gygax aliwachukua majini kupitia Alfu Lela Ulela, akawapanga kwa asili nne: djinni wa hewa na efreeti wa moto tangu mwaka 1974, kisha dao wa udongo na marid wa maji. Kupigana nao kunawezekana. Kuagana nao kwa vizazi hakukuwa na safu katika orodha. Ndege Rukh naye alitoka katika safari za Sindbadi. Marco Polo alimhusisha na visiwa vya upande wa Madagaska, kisiwa ambacho kweli kiliwahi kuwa na ndege wakubwa mno wasioruka, wenye mayai ya ujazo wa lita kadhaa.

Fisi alipata sura nyingine. Mwaka 1974 zimwi aitwaye gnoll alielezwa kuwa mchanganyiko wa viumbe wawili wa ngano za Ulaya. Mwaka 1977 akachorwa na kichwa cha fisi, na hapo akabaki. Mlafi anayedanganywa na sungura katika hadithi za Waswahili akawa mporaji mkatili anayetembea kwa miguu miwili.

Vyanzo vingine vilikuwa vya karibuni zaidi. Troli anayeota upya kiungo kilichokatwa alitoka katika riwaya ya Poul Anderson. Rakshasa wa Kihindi aliingia akiwa na udhaifu wa kuuawa kwa mshale uliobarikiwa, jambo lililotokana na kipindi cha televisheni cha Marekani. Riwaya za Tolkien nazo zilitumika, lakini baada ya malalamiko ya wenye haki mwaka 1977, hobiti akaitwa halfling na enti akaitwa treant.

Vitabu vya baadaye vilijaribu kumrudishia kiumbe mahali pake. Al-Qadim ya mwaka 1992 iliwapa majini jamii na sheria, na mchawi anayewatumikisha akaitwa sha'ir, neno la Kiarabu lenye maana ya mshairi. Waarabu wa kale waliamini kuwa mshairi hufunuliwa maneno na jini. Mwaka 2000 kanuni za mchezo ziliwekwa chini ya leseni iliyowaruhusu wachapishaji wengine kuzitumia, na mwaka 2002 kikatoka Nyambe, kitabu kilichojengwa juu ya ngano za Afrika. Mwaka 2021 mchezo mwingine wa aina hiyo, Pathfinder, ulitoa The Mwangi Expanse, kuhusu nchi ya kubuni iliyobeba jina la Kikikuyu. Katika kitabu hicho historia, watu, dini na miji hutangulia, na orodha ya mazimwi huja baadaye.