Kwa aliyepandikizwa figo, mafua si ya kusubiri

Vijijini kwetu ni nadra mafua kumpeleka mtu hospitali. Anakunywa chai ya tangawizi, anajifunika blanketi, na baada ya siku chache anarudi shambani. Kwa watu wengi hiyo inatosha. Lakini kwa aliyepandikizwa figo, ini au kiungo kingine, mafua yanayoletwa na virusi vya influenza yanaweza kuwa ugonjwa mzito, na siku mbili za kwanza ndizo muhimu kuliko zote.

Tunaeleza haya kwa sababu watu hao tunaishi nao. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Nchini Kenya huduma hiyo ilianza mapema zaidi. Akishapona upasuaji, mgonjwa hurudi nyumbani, pengine mbali sana na daktari wake.

Kwa nini hatari ni kubwa?

Mwili hukiona kiungo kipya kuwa kitu kigeni, hata kama kimetoka kwa ndugu wa damu, na usipozuiwa hukishambulia. Ndiyo maana mgonjwa humeza kila siku dawa za kupunguza kinga, kama takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Dawa hizo hulinda figo, lakini pia hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na virusi. Virusi hukaa mwilini muda mrefu zaidi na hushuka mapafuni kwa urahisi, vikaleta nimonia.

Wakati wa mlipuko wa influenza ya H1N1 wa mwaka 2009, watafiti walifuatilia wagonjwa 237 waliopandikizwa viungo ambao walitibiwa ugonjwa huo. Katika kila wagonjwa 100, takriban 71 walilazwa, 32 walipata nimonia na 16 waliingizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kati ya wote 237, watu 10 walifariki. Walioanza dawa ya kupambana na virusi ndani ya saa 48 waliingia chumba hicho kwa uchache zaidi: takriban 8 kwa kila 100, ukilinganisha na 22 kwa waliochelewa.

Ukianza kuumwa

Dalili ni homa, kikohozi, koo kuwasha, maumivu ya misuli na uchovu. Usingoje homa ipande, kwa kuwa dawa zako zinaweza kuificha. Mpigie simu daktari wako siku hiyohiyo, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukifika, sema mapema: "Nimepandikizwa figo, na dawa ninazomeza ni hizi." Zibebe pamoja na kadi yako. Mhudumu huenda hajawahi kumwona mgonjwa kama wewe. Dawa ya virusi hivyo inaitwa oseltamiviri, na kipimo chake hupangwa kulingana na uwezo wa figo.

Ukishindwa kupumua vizuri, ukibanwa kifua, ukichanganyikiwa au mkojo ukipungua, safari ya hospitali isingoje asubuhi.

Usiache wala kupunguza dawa za kupunguza kinga bila kuambiwa na daktari; mwili unaweza kukikataa kiungo. Ukizitapika, mweleze. Usinunue dikilofenaki au ibuprofeni dukani, kwani zinaweza kuumiza figo. Hata baadhi ya antibiotiki, kama erithromaisini, hupandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu. Dawa za mitishamba nazo, uliza kwanza.

Kujikinga

Chanjo ya influenza huchomwa kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika. Aliyepandikizwa hupewa ile ya sindano, yenye virusi vilivyouawa. Ile ya kupuliziwa puani ina virusi hai, haimfai. Baada ya upasuaji, daktari ndiye atakayepanga lini achanjwe. Kinga anayoipata huwa ndogo kuliko ya mtu mwingine, kwa hiyo ni vizuri wa nyumbani mwake nao wachanjwe. Haipatikani kila zahanati. Ulizia siku ya kliniki.

Kwetu virusi hivi huzunguka karibu mwaka mzima. Mwenye kikohozi asilale chumba kimoja na mgonjwa, avae barakoa, na wote wanawe mikono kwa sabuni. Jirani mwenye mafua akitaka kuja kumjulia hali, apige simu kwanza, salamu zitafika.