Robert Ouko: Kutoka Ofisini hadi Jukwaani

Neno "mtumishi" lina maana mbili katika siasa ya Kenya, na maisha ya Robert John Ouko yalizigusa zote mbili. Alizaliwa mwaka 1931 huko Nyahera, kaskazini ya mji wa Kisumu. Alifundisha shule ya msingi, kisha mwaka 1955 akaajiriwa kuwa afisa wa mapato wilayani Kisii. Baada ya masomo ya utawala Addis Ababa aliingia serikalini, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru akawa katibu wa kudumu, kwanza wa Mambo ya Nje, halafu wa Ujenzi. Huyo ndiye mtumishi wa maana ya kwanza: hana jimbo, wala haombi kura.

Mwaka 1969 uliwatikisa watu wa Ziwa. Julai, Tom Mboya aliuawa. Oktoba, umati ulipigwa risasi mjini Kisumu siku Rais Kenyatta alipofungua hospitali. Muda si mrefu chama cha KPU kikapigwa marufuku, na Oginga Odinga akatiwa kizuizini. Waliozoea kusema kwa sauti waliondolewa uwanjani. Waliozoea kusema kwa kalamu walibaki na nafasi. Ouko akawa waziri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Arusha. Si haki kudai kwamba aliutaka msiba ule, ila haifai kuficha kwamba njia yake ilipitia hapo.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ulimwengu wa mikataba na vikao uliomlea ulitoweka. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 48, alichaguliwa mbunge wa Kisumu Rural, katika uchaguzi ambao Odinga alizuiwa kugombea. Sasa alikuwa mtumishi wa maana ya pili. Aliwakilisha nchi ughaibuni akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, lakini mpiga kura wa Nyanza hali waraka, anataka kazi. Ndiyo maana kiwanda cha molasi cha Kisumu, kilichoanzwa katika miaka ya 1970 kikakwama kabla ya kukamilika, kilimshughulisha mno. Kukifufua kulihitaji fedha na idhini za Nairobi, na huko ufundi wa kuandika hoja haukutosha.

Mwaka 1988 alihamia jimbo la Kisumu Town. Huo ulikuwa mwaka wa mlolongo: katika uteuzi wa KANU wananchi walijipanga nyuma ya wagombea na kuhesabiwa chini ya usimamizi wa maafisa wa utawala. Katibu wa zamani, basi, alipimwa na watu wa ukoo wake wa kazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake Koru. Siku tatu baadaye maiti yake ilipatikana chini ya kilima cha Got Alila. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard aliandika taarifa. Tume ya Jaji Gicheru ilivunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi. Ripoti ya kamati ya Bunge ilikataliwa na Bunge lenyewe mwaka 2010. Mtu pekee aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, Jonah Anguka, alikuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, naye pia mtumishi wa serikali. Mahakama ilimwachilia huru mwaka 1994.