Muhuri wa R Mgongoni mwa Picha

Sisi tunaochora ili tupate kula tunapenda sana kuhadithiana habari za Paris ya 1863. Mwaka ule majaji wa Saloni, maonyesho makuu ya serikali ya Ufaransa, walikataa zaidi ya nusu ya kazi 5,000 hivi zilizoletwa. Kelele zikazidi, hadi Mfalme Napoleon wa Tatu akaamuru waliokataliwa nao wapewe kumbi zao, watu wajionee wenyewe. Watu wakaja kweli, lakini kucheka. Picha ya Édouard Manet, yenye mwanamke uchi ameketi majanini na wanaume waliovaa suti, ilichekwa mno. Leo inatunzwa kama mboni ya jicho.

Wasimuliaji wengi huishia hapo: ati kipaji hushinda. Mimi siridhiki. Nikitazama vizuri naona mkoba wa mama. Manet alipochoka kubembeleza majaji, mwaka 1867 alijijengea banda lake karibu na daraja la Alma, akatundika picha kama 50. Hela alitoa wapi? Fungu la urithi, faranga 18,000 na ushei, kwa idhini ya mama yake. Cézanne alikataliwa karibu kila mwaka hadi 1882, lakini baba yake alikuwa mwenye benki. Posho, hata kwa manung'uniko, ilifika.

Je, asiye na wazazi wa namna hiyo? Picha iliyokataliwa ilipigwa muhuri wa R mgongoni, na mnunuzi akiuona anasita. Yaani jaji hakufungii ukumbi tu, anakufungia na jiko. Mwaka 1866 mchoraji Jules Holtzapffel, aliyewahi kupokelewa Saloni miaka ya nyuma, alikataliwa, akajiua. Katika hadithi zetu za kutiana moyo huyu hatajwi.

Nina barua tatu za "tunasikitika" kutoka ofisi moja hapa mjini. Ya tatu iliondoka na kodi ya chumba. Basi jamani, mtu akiniambia vumilia, kwanza aniulize nitakula nini.

Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na 1874. Monet, Renoir, Pissarro, Degas na wenzao, kama 30 hivi, waliunda kampuni yao, mchango faranga 60 kwa mwaka. Wakafungua maonyesho tarehe 15 Aprili katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, wiki mbili kabla ya Saloni, asije mtu akasema haya ni makapi ya kwingine. Watu kama 3,500 waliingia kwa kiingilio cha faranga 1. Walichekwa tena. Desemba wakakutana kwa Renoir, wakafunua daftari: kila mwanachama adaiwa faranga 184 na nusu! Kampuni ikavunjwa.

Manet hakujiunga nao. Aliendelea kubisha mlango ule ule wa Saloni. Simlaumu, alikuwa na uwezo wa kusubiri. Wale wengine walijikusanya upya, wakaonyesha tena 1876, na kufikia 1886 walikuwa wameonyesha mara 8. Wengi waliingia na kutoka. Pissarro, mwenye watoto wengi na madeni mengi, hakukosa hata mara moja.