Sankt Gallen: Maktaba Iliyotunza Vitabu vya Wageni

Historia ya maktaba ya abasia ya Sankt Gallen, kaskazini mashariki mwa Uswisi, kwa kawaida huanzia kwa Gallus, mtawa aliyeachana na mwalimu wake, Columbanus wa Ayalandi, yapata mwaka 612, akabaki peke yake msituni kando ya mto Steinach. Simulizi hilo limewafanya wengi waione maktaba yote kuwa zao la Ayalandi. Kwa maoni yangu, heshima hiyo imeelekezwa kusiko. Abasia yenyewe ilianzishwa na Otmar, Mwalemani, mwaka 719, Gallus akiwa amekufa zamani. Mwaka 747 ikashika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile wanayoifuata watawa wa Peramiho na Ndanda. Tena wapo wataalamu wanaotilia shaka kwamba Gallus alizaliwa Ayalandi. Kinachostahili kuadhimishwa ni kwamba wageni walileta vitabu na wenyeji wakavihifadhi, hata vile vilivyowashinda kusoma.

Ushahidi ni orodha ya vitabu iliyoandikwa humo katikati ya karne ya 9. Ndani yake vitabu 30 hivi vimetengwa kwa sababu moja tu: vimeandikwa kwa hati ya Kiayalandi. Mpangaji hakuvigawa kwa mada kama alivyofanya kwa vingine, na hilo laonyesha kuwa kwake hati ile ilikuwa ngeni. Hata hivyo aliviandika, akavihesabu kuwa mali ya nyumba. Miaka hiyohiyo askofu Marcus na mpwa wake Moengal, Waayalandi waliokuwa wakirudi kutoka Roma, walipita hapo wakakaribishwa, wakabaki. Marcus aliiachia abasia vitabu vyake. Moengal akafundisha, na wanafunzi wake, akina Notker, Ratpert na Tuotilo, ndio walioipa Sankt Gallen jina katika muziki, ushairi na sanaa. Lakini hazina kubwa kuliko zote kwangu ni nakala ya sarufi ya Kilatini ya Priscian, iliyonakiliwa na Waayalandi karne hiyo ya 9. Pembeni na katikati ya mistari yake kuna maelezo zaidi ya 9,000, na zaidi ya 3,000 kati ya hayo ni ya Kiayalandi cha kale. Huko Ayalandi kwenyewe maandishi ya lugha hiyo yaliyosalia kutoka enzi hizo ni haba mno.

Mtu anaweza kupinga kwamba utunzaji huo ulikuwa na kasoro nyingi. Ni kweli. Vingi katika vile vitabu 30 havipo tena, na baadhi ya kurasa za Kiayalandi zimesalia vipande vipande tu. Mwaka 926, Wahungari walipokaribia, Wiborada, mtawa aliyeishi amejifungia chumbani, alihimiza vitabu viokolewe kwanza. Yeye mwenyewe akauawa. Vitabu vilipelekwa kisiwa cha Reichenau, na Ekkehard wa Nne, mwandishi wa habari za abasia, anasema viliporudi hesabu ilitimia ila si vyote vilikuwa vilevile. Basi tusiseme hakuna kilichopotea. Ila mwingine atasema vilivyosalia vilisalia kwa bahati, na hapo sikubali. Bahati haielezi kwa nini mwanamke anayekabili kifo atangulize vitabu mbele ya vyombo vya altare, wala kwa nini abasia ilipovunjwa mwaka 1805 maktaba haikutawanywa kama zilivyotawanywa nyingine nyingi za watawa, bali ilibaki katika ukumbi wake uleule wa karne ya 18. Vitabu vilikuwa bado mahali pake Mjerumani Kaspar Zeuss alipokuwa akikusanya maelezo ya pembeni kutoka Sankt Gallen, Würzburg, Milano na kwingineko. Kutokana nayo alitoa, mwaka 1853, sarufi iliyoweka msingi wa uchunguzi wa kitaalamu wa Kiayalandi cha kale, akitumia maneno ambayo wanakili wa Priscian waliyaandika ili waelewe Kilatini.