Manjanja chini ya moshi wa Nyiragongo: rangi inasaidia nini?

Nyumba nyingi za Goma, Sake na Rusayo zimefunikwa na manjanja, na ni hayo manjanja yanayoleta maji ya kunywa kwa familia ambazo robine iko mbali ao imekauka. Juu hiyo, kutu kwenye paa si shida ya uzuri wa nyumba tu. Manjanja yakitoboka, mvua inaingia ndani, mbao zinaoza, na tanki inajaa maji ya rangi ya udongo.

Kutu inazaliwa pale chuma, maji na hewa vinakutana. Kila mahali iko hivyo. Lakini ku Kivu ya Kaskazini kuna jambo la zaidi: mulima Nyiragongo, wenye urefu wa karibu mita 3470, unatoa gazi mingi ya sulfuri, na mara nyingi upepo unaisukuma upande wa mangaribi, kwenda Rusayo, Sake na Masisi. Ile gazi ikichanganyika na mawingu inageuka asidi, na mvua inashuka kali. Majani ya mimea yanaungua, na vyuma vinaliwa. Watu wanakumbuka mulima kwa lava ya 1977, ya 2002 na ya tarehe 22 Mei 2021. Kazi ya moshi ni ya polepole, na hakuna anayekimbia juu yake.

Manjanja mapya yanang'aa sababu chuma chake kimevikwa zinki. Ku usine, kile chuma kinapitishwa ndani ya zinki iliyoyeyushwa kwa joto la karibu digri 450. Zinki inafunika chuma. Tena, pale chuma kimekwaruzwa, yenyewe inakubali kuliwa ya kwanza kusudi chuma kibaki. Asidi ndiyo inaimaliza mbio. Hapo unene unaonekana: manjanja yenye gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba, pande mbili pamoja, iko na zinki ya karibu milimita 0,02 kila upande. Yenye gramu 100 haifike hata nusu ya hiyo. Ku duka zote mbili zinang'aa sawasawa, ni bei tu inatofautiana, na muuzaji hatasema kitu kama hakuulizwa.

Rangi inaongeza ukuta mbele ya zinki. Lakini rangi nyingi zinabanduka kabla ya mwaka kuisha, na mara nyingi kosa si la rangi. Imepakwa juu ya vumbi, majivu ya mulima ao kutu inayochubuka. Fundi mzuri anatumia wakati mwingi kwa kusugua kuliko kwa kupaka: brosi ya waya, kisha maji safi ya kuondoa asidi na majivu, kisha kuacha paa ikauke kabisa. Anaanza na matundu ya misumari, kingo, na pale manjanja mawili yanalaliana, maana ndipo maji yanakaa. Kwanza rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili. Asubuhi yenye umande haifai, hata kama jua limeshatoka.

Manjanja mapya yanataka akili zaidi. Rangi ya mafuta ya kawaida ikiwekwa moja kwa moja juu ya zinki inatengeneza aina ya sabuni kati yao, halafu inatoka vipande vipande. Lazima kutanguliza rangi ya kwanza iliyofanywa kwa ajili ya zinki.

Ku nguzo na sakafu za beto, kinga ya chuma ni simenti yenyewe, sababu iko na chokaa inayozuia kutu. Fero ikiachwa karibu sana na uso, kutu yake inavimba na kupasua beto kutoka ndani. Kufunika fero na sentimita 3 ao 4 za beto nzuri ni rahisi kuliko kurekebisha nyuma.

Kwa paa inayokusanya maji ya kunywa, rangi yenye risasi haifai hata kidogo, hata ile nyekundu ya zamani iliyosifiwa kwa vyuma. Risasi inaharibu ubongo wa watoto. Mvua za kwanza kisha kupaka zimwagwe inje, zisiingie ku tanki. Na rangi haiondoe fluori inayotoka ku moshi wa mulima na kushuka pamoja na mvua: meno yenye madoa ya kahawia kwa watoto wa sehemu hizo yanatoka hapo, hata kama paa iko mupya.