Kabla Ufungue Poti 6881, Jua Ilikotoka

Juzi usiku nilikuwa natumia msee wangu video tulizoshuti, giga 12, kwa torenti. Wapi! Kasi sifuri. Nikaingia kwa ruta, nikafungua poti, nikaambia faiawoli iruhusu programu. Bado sifuri. Hapo ndio nikaanza kuchimba historia, na wueh, hii stori inatuhusu.

Poti ni kama milango ya ploti, zina namba hadi 65,535. Faiawoli ni soja wa geti. Ukiagiza kitu mwenyewe, kinaingia. Mgeni akibisha bila kuitwa, anarudishwa. Sasa mwaka 2001, Bram Cohen, Mmarekani, akatoa BitTorrent, na hiyo inaishi kwa wageni: nakupa kipande, unanipa kipande. Programu za mwanzo zilitumia poti 6881 hadi 6889. Ndio maana maelekezo ya kitambo yanakutuma huko.

Shida ni kwamba mlango unaojulikana ni rahisi kuviziwa. Kuna watoa intaneti walioanza kubana hizo namba, na programu zikahamia poti za kubahatisha. Mwaka 2007, Comcast ya Marekani ikanaswa ikikata torenti za wateja kwa jumbe feki, zilizojifanya zimetoka kwa kompyuta ya pili. Shirika la habari la AP lilijaribu kutuma Biblia, ile ya King James. Hata hiyo iliguswa! Mwaka 2008 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ikawaamuru waache. Mwaka 2010 mahakama ikafuta amri hiyo.

Na sisi? Kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009. Lakini anwani za IPv4, kama bilioni 4.3 dunia nzima, zilikuwa zinaelekea kuisha. Basi kampuni nyingi zikarundika wateja nyuma ya anwani moja. Mpango huo unaitwa CGNAT, na mwaka 2012 ukatengewa anwani zake, kuanzia 100.64 hadi 100.127.

Nikaangalia anwani ya nje kwa ruta yangu: 100.71. Kumbe nilifungua mlango wa chumba, na geti la ploti lina kufuli ya mwenye nyumba. Msee wangu naye, hivyo hivyo. Kwa kawaida torenti inataka angalau mmoja wenu afikike.

Maoni yangu: waliotangulia walipewa milango, sisi tukapewa madirisha. Tunaona kila kitu, lakini kutuma kitu chetu lazima tupitie kwa seva ya tajiri fulani. Dawa ipo: IPv6, ambayo ina anwani za kutosha kila simu, au ulipie anwani ya umma. Ukipata, fungua poti moja tu, na ukimaliza ufunge, maana wezi pia hubisha.

Kesho napigia huduma kwa wateja niulize IPv6 iko wapi. Yako inaanza na ngapi?